Nchi Iliyopimwa kwa Mtu Mmoja

Anayetaka kujua njia ya kwenda Kimoja asimuulize Sikudhani Mbega. Alipofika huko hakuna aliyemuuliza njia aliyopita, naye mwenyewe ameshaisahau. Watu wa Kimoja hawajali mtu katoka wapi. Wanajali kimo chake tu.

Sikudhani alikuwa mama wa makamo, msimamizi wa kiwanda cha kusindika matunda kwao, mwenye sauti ya kukata maneno na jicho lisilopitwa na jambo. Wakubwa wake walimtuma akajifunze. Sifa za Kimoja zilikuwa zimeenea: nchi ya viwanda mwanzo hadi mwisho, ambako sufuria zilitoka kwenye mashine kama kumbikumbi baada ya mvua, ambako mfanyakazi hachelewi wala halalamiki. Alikwenda na nia moja safi, nayo ni kuiga.

Langoni walimsimamisha kwenye nguzo ya chuma yenye alama moja tu. Mpimaji alitazama alama, akatazama utosi wake, akatikisa kichwa kama tabibu mwenye habari mbaya.

"Umezidi, mama."

"Nimezidi nini?"

"Umezidi tu. Lakini usihuzunike, wageni hatuwashtaki."

Aliyekuja kumpokea aliitwa Bwana Pandu, Katibu wa Idara ya Unyooshaji. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye adabu nyingi, na bega lake moja lilikuwa juu ya jingine kama mizani iliyotiwa mzigo upande mmoja. Njia nzima ya kwenda mjini alimweleza habari za Mwasisi, ambaye sanamu yake ilisimama katika kila njia panda.

"Mwasisi alijenga kiwanda cha kwanza kwa mikono yake," alisema Pandu. "Wenzo wa mashine aliuweka pale mkono wake ulipofika. Meza aliiweka pale kiwiko chake kilipotua. Akafanya kazi maisha yake yote na hakuumia hata ukucha. Alipofariki, wazee walikaa wakajiuliza, mbona yeye hakuumia? Wakaona sababu ni moja. Vipimo vyake ndivyo vipimo vya haki."

"Au vilikuwa vipimo vyake," alisema Sikudhani.

Pandu alicheka kwa heshima, kama mtu anayecheka utani wa mkwewe.

Ndipo Sikudhani akaelewa kwa nini kila kitu katika nchi ile kilifanana. Viti vyote vilikuwa vya kimo kimoja, ngazi zote za mpando mmoja, makoleo yote ya mpini mmoja, glavu zote za kiganja kimoja. Watu peke yao ndio waliotofautiana, na kwa kosa hilo walikuwa wakiomba radhi mchana kutwa. Hata salamu zao zilikuwa za namna yake. Walipokutana barabarani, mmoja aliuliza, "Mgongo?" Mwenzake akajibu, "Umo." Yule wa kwanza akaendelea, "Na shingo?" Akajibiwa, "Twavumilia." Kisha kila mmoja akashika njia yake, mmoja akichechemea na mwingine akitembea kwa ubavu.

Hapakuwa na nyumba za wageni zenye kitanda cha kumtosha aliyezidi, basi Sikudhani alipelekwa kulala kwa mtu na mkewe waliokubali atandike mkeka sakafuni. Mume aliitwa Vuai. Alikuwa mfupi, mchangamfu, mwenye mikono minene, na kazi yake ilikuwa kwenye mashine ya kukandamiza bati liwe sufuria. Mke aliitwa Tunu, naye alikuwa mwalimu katika Nyumba ya Unyooshaji. Asubuhi Tunu alimchukua mgeni akaone kazi yake.

Ilikuwa nyumba safi iliyopakwa chokaa. Watoto wafupi walining'inia kwenye vyuma, wakivutwa miguu na vifuko vya mchanga. Watoto warefu walizunguka uwanja na mawe vichwani. Wote waliimba sheria ya nchi kwa sauti moja, na Tunu akiongoza kwa fimbo:

"Chombo kisiguswe, kisipunguzwe, kisiongezwe. Mtu na akifuate chombo!"

"Na wanafikia?" aliuliza Sikudhani. "Kile kimo?"

Tunu aliishusha fimbo. Alikuwa mwanamke mkweli, na swali lile halikuwahi kuulizwa na mtu anayesubiri jibu. "Mume wangu namnyoosha kila jioni tangu tuoane," alisema. "Ninamvuta kwa upendo, dada. Hajaongezeka."

Kiwandani, Sikudhani aliona kasi aliyokuwa amesifiwa. Ni kweli, sufuria zilimwagika. Lakini aliona pia kwamba mabango yalikuwa mengi kuliko taa. MKONO WAKO NI UANGALIFU WAKO, lilisema moja. ALIYEUMIA AMEJITAKIA, lilisema jingine, na hilo lilikuwa limepakwa rangi mpya. Chini ya bango hilo ndipo Vuai aliposimama. Wenzo, ule mkono wa chuma unaoshusha nyundo ya mashine, ulikuwa juu mno kwake. Ili aufikie ilimbidi ainuke kwa ncha za vidole vya miguu, na ili asipepesuke alishika ukingo wa mashine kwa mkono wa kushoto, palepale nyundo inaposhukia. Kila alipovuta aliuondoa mkono. Alivuta, akauondoa, alivuta, akauondoa, na huku akitabasamu kwa mgeni wake.

Sikudhani hakuweza kutabasamu.

"Huyu ataumia," alimwambia Pandu.

"Akiwa mwangalifu hataumia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka asipokuwa mwangalifu," alijibu Pandu, na kwa hakika alidhani amejibu.

Siku ile kulikuwa na kikao cha Baraza, na hoja iliyoletwa ilikuwa hiyohiyo ya watu kuumia. Pandu alimketisha mgeni kwenye kiti cha wageni, ambapo magoti yake hayakupata pa kukaa. Vyama vilikuwa viwili. Warefushaji walisema watoto waanze kunyooshwa mapema zaidi, ikiwezekana kabla hawajajua kutembea. Wafupishaji walisema aibu ya taifa ni warefu, wanaopasua vipaji vya nyuso kwenye mihimili, na mawe yaongezwe uzito. Walibishana mpaka povu likawatoka. Walikubaliana juu ya jambo moja tu, kwamba mabango yafanywe makubwa zaidi na kuwe na wimbo.

Spika, kwa ukarimu, alimpa mgeni nafasi ya neno moja.

"Nilitaka kuuliza tu," alisema Sikudhani. "Kwa nini msiushushe wenzo?"

Wajumbe waliinamisha nyuso, kama mtu ametamka tusi mbele ya wazazi. Kisha Spika akasafisha koo.

"Mgeni wetu anauliza kwa nini tusilishushe jua ili nguo zikauke upesi."

Walicheka, Warefushaji na Wafupishaji pamoja, na hicho kilikuwa kicheko chao cha kwanza cha umoja baada ya muda mrefu.

Haikupita wiki. Sikudhani alikuwa amesimama mlangoni mwa kiwanda aliposikia sauti ya nyundo ikigonga kitu kisicho bati. Alikimbia. Vuai alikuwa amekaa chini, ameukumbatia mkono wake wa kushoto, uso umekuwa kama jivu. Hakulia. Alisema tu, "Vidole vya miguu vimechoka, mama. Vimechoka tu."

Wafanyakazi waliinua vichwa, wakasema kwa pamoja kama wanaoitikia dua, "Kajitakia," wakarudi kwenye mashine zao. Lakini Sikudhani, mwenye jicho lisilopitwa, aliona wengi wao wakisema neno lile macho yakiwa yamelowa.

Maafisa wa Idara walifika haraka kupita matarajio. Wawili walipiga magoti mbele ya mashine, wakaifuta damu, wakaikagua nyundo kwa mwanga wa taa, wakaulizana kwa wasiwasi kama imepata athari. Walipohakikisha mashine ni nzima walishusha pumzi. Ndipo mmoja akamgeukia Vuai na kumwambia kwamba anashtakiwa kwa kosa la kutolingana na chombo.

Usiku na mchana wa siku zile kazi ya Tunu ilikuwa kubadilisha bendeji. Vidole viwili vya mumewe vilikuwa vimekwenda. Na akihukumiwa, Vuai angepelekwa Bonde la Walioinama, mahali wanakoishi wenye migongo iliyokunjika na viganja vilivyopungua, wasionekane na watoto wakakata tamaa. Aliyekwenda huko hakurudi, na mwenza wake hakuruhusiwa kumfuata.

Vuai ndiye aliyekuwa akimbembeleza. "Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa," alimwambia. "Mimi nimebakiwa na vitatu upande huu. Chawa wajihadhari." Tunu akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kile kilikuwa kirefu. Alipomaliza alinawa uso, akachukua kamba za kumnyooshea mumewe zilizotundikwa ukutani, akazitupa jikoni kwenye moto. Sikudhani alimsogezea kuni.

Mahakama ya Viungo ilikaa. Jaji aliitwa Mwinyimkuu, mtu mrefu kuliko wote nchini, aliyeingia kwa kuinama mlangoni na akabaki ameinama hata baada ya kuketi. Alisifika kwa kutomhurumia mtu, na zaidi kutojihurumia. Mwendesha mashtaka alikuwa Bwana Pandu, na shahidi wa kwanza aliyemwita alikuwa mgeni.

"Bibi Sikudhani, ulimwona mshtakiwa akishika ukingo wa mashine kwa mkono wa kushoto?"

"Nilimwona."

"Na bango lilikuwa mbele yake?"

"Lilikuwa mbele yake. Kubwa, tena limepakwa rangi mpya."

Watu walinong'ona. Tunu alimtazama mgeni wake kama mtu aliyechomwa mwiba na shoga yake. Pandu aliinama kushukuru, akataka kumruhusu aketi.

"Lakini hamkuniuliza miguu yake ilikuwa wapi," alisema Sikudhani.

"Miguu haimo katika shtaka."

"Ilikuwa wapi?" aliuliza Jaji.

"Visigino vilikuwa hewani, Mheshimiwa. Mtu asiyekanyaga chini hushika chochote kilicho karibu. Hata wewe ungeshika."

Jaji Mwinyimkuu alimkazia macho. "Mimi nisingeshika."

"Basi twende ukatuonyeshe," alisema Tunu kutoka kwenye benchi la jamaa. Hakuwa amepewa ruhusa ya kusema, na alisema akiwa ameketi. "Mheshimiwa, twende. Kama mtu mtiifu anaweza kuvuta wenzo ule bila kushika, mume wangu ana hatia nami nitamfungia mzigo wake kwa mikono yangu."

Kiburi si kitu kizuri, lakini kuna siku hufanya kazi njema bila kujua. Jaji aliinuka. Mahakama nzima ikamfuata hadi kiwandani, makarani na walinzi na watu wa mitaani, na Vuai katikati na bendeji yake.

Jaji alivua joho, akasimama mbele ya mashine. Kwake yeye wenzo ulikuwa chini mno. Alikunja kiuno, akavuta. Nyundo ikashuka, ikapanda. Akavuta tena. Alivuta tena na tena, na kila mara mgongo ulichelewa kidogo kunyooka, mpaka jasho likaanza kumtiririka puani. Akahema. Akajisahau, akaegemea.

"Mkono, Mheshimiwa!" alipiga ukelele Tunu.

Jaji alitazama chini. Nyundo ilikuwa bado juu, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kuvuta. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo, palepale, juu ya doa ambalo maafisa hawakuweza kulifuta likaisha.

Aliuondoa taratibu. Aliugeuza, akautazama kiganja na mgongo wake, akavihesabu vidole kimoja kimoja kama mtoto.

"Nikiwa mdogo," alisema hatimaye, wala hakusema kama jaji, "nilibeba mawe kichwani mpaka nikawa sisikii shingo. Mama yangu alikuwa akinipa matumaini. Alikuwa akiniambia, leo umepungua kidogo." Akaugusa utosi wake. "Sikupungua."

Bwana Pandu alisema kwa sauti ndogo, "Hata hivyo, Mheshimiwa, sheria ni sheria. Chombo kisiguswe."

"Sheria naijua," alisema Tunu. "Naifundisha kila asubuhi. Chombo kisiguswe, kisipunguzwe, kisiongezwe. Sasa niambie, Bwana Pandu, sakafu ni chombo?"

Pandu aliitazama sakafu. "Sakafu," alisema baada ya kufikiri sana, "ni sakafu."

Tunu hakungoja zaidi. Palikuwa na kreti la mbao lililojaa vifuniko vya sufuria. Alilimwaga, vifuniko vikatawanyika kwa kelele, akaligeuza, akalisukuma kwa mguu hadi mbele ya mashine. Sikudhani akashika upande wa pili, wakaliweka sawa.

"Panda, mume wangu."

Vuai alipanda. Visigino vyake vilitua. Aliinua mkono wa kulia, ukaukuta wenzo pale bega linapopenda. Alivuta, nyundo ikashuka. Na mkono wa kushoto, ule uliofungwa bendeji, ulining'inia tu ubavuni, hauna la kufanya. Vuai aliutazama kama anayemtazama mgeni asiyemtarajia. Machozi ambayo hayakutoka siku ya ajali yalitoka sasa.

"Ni kreti tu," alisema. "Jamani. Lilikuwapo hapa siku zote."

Jaji alilizunguka kreti lile, akalitazama pande zote. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia, tena kwa haya: "Na aliye mrefu?"

"Sakafu huinuliwa, Mheshimiwa," alisema Vuai akipangusa uso kwa kiwiko. "Bila shaka huchimbwa pia."

Hukumu ilitolewa palepale, baina ya mashine na mabango. Jaji alisema sheria ya Mwasisi inabaki kama ilivyo na chombo hakitaguswa. Lakini sheria haikutaja ardhi iliyo chini ya miguu ya mtu. Kwa kuwa haikutajwa, ardhi hiyo ni ya mwenye miguu, naye ana haki ya kuiinua au kuichimba mpaka mwili wake ustarehe. Vuai hana hatia.

"Na vidole vyangu?" aliuliza Vuai. Hakuuliza kwa ugomvi.

Jaji alimsogelea, akainama hadi nyuso zao zikawa sawa. "Hivyo siwezi kuvirudisha, ndugu yangu. Ningekuwa nao uwezo huo, kazi ya leo ningeianzia hapo."

Nyundo na misumeno ya maseremala ikasikika mji mzima. Kila mtu alijitengenezea pa kusimama. Wafupi walipanda mbao, warefu wakateremka kwenye vishimo vyao, na wanawake wajawazito waliweka vibao vya kuinulia mguu mmoja baada ya mwingine. Haikwenda vyema moja kwa moja. Warefushaji walisema kusimama juu ya mbao ni kudanganya. Wafupishaji walisema vishimo vinawazoesha watu kaburi. Na Bwana Pandu, kwa nia njema kabisa, aliwasilisha pendekezo kwamba mbao zote zikatwe kwa kimo cha kreti la Tunu, ambalo sasa litunzwe na kuheshimiwa.

"Bwana Pandu," alisema Tunu mbele ya Baraza, "kreti lile nalichoma jioni hii kama utalitungia sheria. Nenda kwa kila mtu ukamuulize inapouma."

"Kila mtu?" aliuliza Pandu kwa hofu. "Mmoja mmoja?"

"Anza na wewe."

Pandu alijishika bega. Kisha akasema, polepole, kama anayetamka neno la lugha ngeni, kwamba huwa linamuuma bega, na kwamba meza yake ya kuandikia huenda ina uhusiano na jambo hilo. Seremala alimfanyia kiti kingine. Tangu hapo hakuna aliyezunguka viwandani kwa bidii kumshinda, akiuliza watu panapowauma na kuwasikiliza mpaka mwisho. Nyumba ya Unyooshaji ilishusha vyuma vyake. Tunu alibaki kuwa mwalimu. Alianza kuwafundisha watoto kuitazama kazi na kuuliza maswali. Watu wa kwanza walirudi kutoka Bonde la Walioinama wakiegemea mabega ya jamaa zao. Vuai alirudi kwenye mashine yake. Na asubuhi moja alikuta wenzo umeongezewa kishikio kirefu cha kufikiwa kwa mkono wowote, na hakuna aliyekiri kuugusa, ingawa mikono ya Jaji ilionekana na grisi hadi kwenye kucha.

Sufuria hazikupungua. Ziliongezeka kidogo, jambo ambalo Baraza liliona ni vigumu kulieleza.

Lakini mjadala mkubwa kuliko yote ndio Sikudhani alioukuta siku ya kuaga. Zamani watu wa Kimoja walipotoka kazini walikwenda moja kwa moja kujilaza. Sasa walitoka jioni wakiwa bado na nguvu, wakasimama uwanjani wakitazamana, hawajui wazifanyie nini. Baraza lilikaa kwa dharura. Hoja ilikuwa moja: nguvu inayombakia mtu baada ya kazi ni mali ya nani, ya kiwanda au yake mwenyewe? Warefushaji walidai irudishwe kiwandani. Wafupishaji walidai igawanywe nusu kwa nusu.

Sikudhani alipita nje ya dirisha lao akawapungia mkono wa kwaheri, hawakumwona. Uwanjani mtu alikuwa ameleta ngoma. Vuai alikuwa akimfundisha Tunu hatua fulani ya mguu, naye mwenyewe haijui vizuri, wakikanyagana na kucheka. Jaji Mwinyimkuu alikuwa amesimama wima kabisa, pengine kwa mara ya kwanza maishani, na watoto wawili walikuwa wakibishana nani atapanda mabegani mwake ili aone ng'ambo ya ukuta.

Spika alimtuma Bwana Pandu atoke nje awaambie watu watulie, wasiitumie nguvu ile mpaka kura ipigwe. Pandu alitoka mbio kutekeleza agizo. Baraza lilimngoja sana, na ngoma ikazidi kupamba moto.